Vijiji vya Vijana wa Zamani, na Chungu cha Mama



Jioni, jua linapotua upande wa Songwe, na milima ya Livingstone upande wa mashariki ingali na mwanga kidogo vileleni, vijana wetu wa Ipinda hukusanyika kando ya barabara. Wengine huketi juu ya pikipiki, wengine huenda kutazama mpira katika vibanda vya televisheni, wengine husimama tu wakiongea, simu mkononi. Nao wazee wapitao hapo wakitoka shambani hutikisa vichwa na kusema, "Vijana wa leo hawakai nyumbani. Zamani mtoto alikaa na baba yake na mama yake, akafundishwa adabu." Hakuna asiyelijua neno hili. Sisi walimu tumelisema mara nyingi mbele ya darasa, na mbele ya watoto wetu wenyewe.

Lakini je, ni kweli? Tulipoanza kuwauliza wazee kwa utaratibu, na kusoma yaliyoandikwa juu ya nchi yetu, tuliona kwamba mambo yalikuwa kinyume. Katika nchi hii, tangu pwani ya Ziwa Nyasa mpaka miinuko ya Rungwe, mtoto wa kiume hakukaa nyumbani kwa baba yake hata akawa mtu mzima. Alipofika umri wa miaka 10 au 11 alihama, akaenda kulala katika kijiji alichokijenga yeye na vijana wenziwe. Jioni zake alizitumia huko, pamoja na rika lake, pasipo mzazi wa kuwasimamia. Wala hakuhesabiwa kuwa mtoto mpotevu. Mtoto aliyekataa kwenda ndiye aliyewatia wazazi wake wasiwasi.

Basi twataka kueleza habari za vijiji hivyo: jinsi vilivyoanza, ni kamba gani iliyovifunga na nyumba za wazazi, na jinsi vilivyokwisha. Maana tukiijua kamba hiyo, twaweza kuacha kulaumu vijana kwa jambo ambalo babu zetu waliliamuru, na badala yake tukatazama ni kitu gani hasa kilichopotea.

Nchi na mashahidi wake

Nchi yetu ni ya mito mingi. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kuingia ziwani, na udongo wake una rutuba. Watu wake, Wanyakyusa, walikuwa wakulima wa ndizi, maharagwe na ulezi, tena wafugaji wa ng'ombe. Wageni wa kwanza kutoka Ulaya walizoea kuwaita Wakonde. Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskoti, alipita huku mwaka wa 1879, akaisifu sana nchi kwa usafi wa nyumba zake na uzuri wa migomba yake. Mwaka wa 1891 wakaja wamisionari wa namna mbili: Wamoravian waliojenga Rungwe, na wale wa misheni ya Berlin walioongozwa na Alexander Merensky. Wote waliona jambo la ajabu, ya kwamba wazee walikaa kijiji kimoja na vijana kijiji kingine.

Lakini waliolichunguza jambo hili kwa makini kuliko wote ni Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa na watu wetu katika miaka ya 1934 hadi 1938, wakajifunza lugha yetu. Godfrey alifariki mwaka wa 1944. Monica aliendelea na kazi, na mwaka wa 1951 akatoa kitabu kikubwa juu ya vijiji vya rika, ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa kama Ushirika Mwema. Mengi tunayoyasema hapa yamo katika maandishi yake, nayo yanapatana na yale tuliyoyasikia kwa wazee.

Mwanzo wa kijiji

Kijiji cha vijana kilianzia malishoni. Mtoto wa kiume wa miaka 6 hivi alianza kuchunga ng'ombe wa baba yake. Hakuchunga peke yake. Watoto wa nyumba kadha wa kadha walichanganya ng'ombe wao, wakashinda pamoja mchana kutwa. Huko walicheza, walipigana mieleka, walijenga vibanda vya nyasi kwa mchezo, wakajifunza nani ni mwaminifu na nani ni mwongo, nani hushika zamu yake na nani huacha ng'ombe waingie shamba la watu. Kwa hiyo walipohama kwa wazazi wao hawakuwa wageni wao kwa wao. Walikwisha kujuana kwa miaka 4 au 5.

Ilipofika miaka 10 au 11, mtoto aliwaachia ndugu zake wadogo kazi ya kuchunga, akaanza kulima pamoja na baba yake. Ndipo yeye na wenziwe, labda 10 au 12, walipopata mahali kando ya kijiji cha baba zao, wakajenga. Nyumba za kwanza zilikuwa vibanda vidogo vya matete, kazi ya mikono ya watoto, nao walilala humo wawili wawili au watatu watatu. Ndugu zao wadogo walipofikia umri uleule walikaribishwa kujiunga. Lakini wale waanzilishi walipofika miaka 16 au 18 mlango ulifungwa. Wadogo waliokuja baadaye waliambiwa wakajenge kwao. Hivyo ndivyo kila kijiji kilivyokuwa na watu wa umri unaokaribiana.

Wasomaji wetu waliosafiri watasema, "Hata Wamasai wana kambi za morani." Ni kweli, lakini kuna tofauti. Kambi ya morani ni ya kipindi kimoja cha maisha, nayo kikiisha kipindi hicho watu huondoka. Kijiji cha vijana wa Kinyakyusa kilikua pamoja na watu wake. Vijana walioa, wakawaleta wake zao palepale. Vibanda vya matete vikawa nyumba za mianzi, na migomba ikapandwa. Yule uliyejenga naye ukiwa na miaka 10 ndiye aliyekuwa jirani yako ukiwa mzee.

Kwa nini wazazi walikubali, hata wakalazimisha? Sababu moja ilikuwa heshima. Haikufaa mwana aliyekwisha kuwa mkubwa alale chini ya paa moja na wazazi wake, tena mke wa mwana alitakiwa kujitenga kabisa na baba mkwe. Sababu ya pili ilikuwa mafunzo. Wazee waliamini kwamba mtu hupata akili kwa kuongea na wenziwe walio sawa naye. Mbele ya baba mtoto husikiliza na kunyamaza. Mbele ya wenziwe hana budi kusema, kujibu, kukubali kushindwa, na kuomba radhi.

Mithali ya Kiswahili husema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa mithali hiyo walimu ni wawili, mama na ulimwengu. Babu zetu waliweka mwalimu wa tatu katikati yao, naye ni rika.

Chungu cha mama

Sasa tufikie jambo ambalo wengi hulisahau. Vijana hao walikuwa na nyumba zao, lakini hawakuwa na jiko. Hawakupika. Kila siku walirudi kula kwa mama zao, wala hawakurudi mmoja mmoja. Walikwenda kwa kundi: leo kwa mama wa huyu, na baadaye kwa mama wa yule, mpaka wamezunguka nyumba zote za wenzao. Mama aliyezaa mwana mmoja aliwaona vijana 5 au 6 wakiinama mlangoni pake. Aliweka ndizi, maharagwe na maziwa mgando mbele yao wote, wakanawa, wakala pamoja.

Kijana aliyezoea kuja peke yake kula kwa mama yake alikaripiwa na baba yake mwenyewe. Aliulizwa, wenzako wako wapi? Maana kula peke yako kulikuwa ishara mbaya: ama u mchoyo, ama wenzako wamekukataa, na yote mawili ni aibu. Hata watu wazima walikula na wa rika lao, na mtu aliyependa kujificha na chakula chake alitiliwa shaka kuwa ana jambo baya moyoni.

Tena vijana walilima mashamba ya baba zao. Chakula walichokula kilitoka katika shamba walilolilima wenyewe. Na kijana alipotaka kuoa, ng'ombe wa mahari walitoka kwa baba yake.

Tazameni basi, wasomaji, jinsi jambo lilivyopangwa. Usiku na jioni vilikuwa vya vijana, na asubuhi na shamba vilikuwa vya baba. Chakula kilikuwa cha mama, lakini kililiwa na rika zima. Mzazi hakuwa na haja ya kwenda kuwapeleleza vijana usiku, kwa sababu aliwaona wote kwa macho yake walipokuja kula. Mama alijua mwanawe anafuatana na nani, alijua ni nani aliyekosekana leo, ni nani mwenye jeraha usoni, ni nani hasemi na mwenziwe. Hiyo ndiyo kamba tuliyoitaja. Vijana walikuwa huru kweli, lakini uhuru wao ulipita mlangoni kwa mama kila siku.

Maongezi na ucheshi

Saa za jioni vijana walifanya nini? Walicheza ngoma, walikwenda misibani na katika sherehe, walisimulia hadithi. Lakini zaidi ya yote waliongea. Lugha yetu ina neno kwa jambo hili, ukwangala, na neno hili ni zito kuliko "kuongea" au "kustarehe." Ni kufurahiana pamoja na wenzako kwa adabu, kula nao, kuwasaidia kujenga na kulima, kuwafariji msibani, na kusema bila kuwajeruhi. Mtu aliyejua ukwangala alihesabiwa kuwa mtu kamili.

Na mchezo huo ulikuwa na mwisho wake mkubwa. Mara moja katika kila kizazi, yaani kila baada ya miaka 30 hivi, ilifanyika sherehe ya ubusoka, maana yake kutoka. Wana wakubwa wa malafyale, yaani mtawala, walipokuwa watu wazima pamoja na rika lao, baba zao waliwakabidhi nchi. Mioto yote ya zamani ilizimwa, ukapekechwa moto mpya kwa vijiti, na watu wakawasha kutoka kwa huo. Wakachaguliwa wakuu wapya wa vijiji, wazee wakasogea pembeni na kuwaachia vijana nafasi. Basi wale waliokuwa watoto wa vibanda vya matete sasa ndio walinzi na waamuzi wa nchi. Walipokuwa wakipatanisha ugomvi wao wa kitoto jioni bila kumwita mzee, walikuwa wakijifunza kutawala.

Mabaya yake

Tusipambe mambo ya kale kupita kiasi. Kati ya watoto wachungaji kiongozi alikuwa mara nyingi yule mwenye ngumi nzito, na mnyonge aliteseka asiwe na wa kumlilia. Yule aliyetengwa na rika lake hakuwa na mahali pengine pa kukimbilia, na hofu ya uchawi iliwaandama watu waliokuwa wapweke kwa tabia tu.

Na watoto wa kike? Wao hawakuwa na kijiji chao. Waliposwa wangali wadogo sana, wakaenda kukaa katika vijiji vya waume zao. Jioni ile ambayo kaka yao aliitumia kwa maongezi, wao waliitumia kando ya moto, wakipika chakula cha kaka na wenziwe. Chungu cha mama tulichokisifu hapo juu kilikuwa na mtu aliyekichochea. Tukitaka kujifunza kwa wazee, tujifunze na hili.

Jinsi vilivyokwisha

Vijiji vya rika havikuvunjwa kwa amri ya siku moja. Vilikwisha polepole, kama ukingo wa mto unaoliwa na maji.

Kwanza vita vilikoma, Wajerumani walipoitawala nchi tangu miaka ya 1890. Kodi ikaja, na kodi ilitaka fedha. Vijana wakaanza kutoka kwenda kutafuta kazi: wengine Lupa, kwenye dhahabu ya Chunya, katika miaka ya 1920 na 1930, wengine mbali zaidi, kwenye migodi ya Rhodesia ya Kaskazini na Afrika Kusini. Kijana aliyerudi na fedha yake hakumngojea tena baba ampe ng'ombe wa kuolea. Aliwanunua mwenyewe. Hapo uzi mmoja wa ile kamba ulikatika.

Kisha kilimo kikabadilika. Huku bondeni tulianza kuuza mpunga, na kule juu wakapanda kahawa. Mti wa kahawa hukaa miaka mingi, na bonde zuri la mpunga halihamishiki. Zamani watu waliweza kuhama na kuwaachia wengine nafasi, kwa sababu ardhi ilikuwa nyingi na mazao ni ya muda. Sasa kila mtu alitaka kushika kipande chake na kumrithisha mwanawe. Baba hakutaka mwanawe akajenge mbali na shamba, wala wazee hawakutaka kusogea pembeni. Ubusoka ukakosa mahali pa kusimama.

Shule na kanisa navyo vilikuwa na sehemu yao. Mtoto aliyekuwa darasani hakuwa malishoni, na rika lake likawa wale waliosoma naye, hata kama baba zao walikaa mbali. Watu waliobatizwa walipenda kujenga karibu na wenzao wa imani, wakubwa kwa wadogo pamoja. Twalisema hili bila kuona haya wala kujisifu, maana sisi tu watoto wa shule hizo.

Monica Wilson aliporudi mwaka wa 1955 alikuta desturi hiyo imekwisha kudhoofika. Mwaka wa 1963 serikali ya Tanganyika huru iliondoa mamlaka ya machifu, na katika miaka ya 1970 watu wakakusanywa katika vijiji vya ujamaa, ambamo nyumba zilipangwa kwa mistari bila kutazama rika.

Lakini vijana hawakuacha kutafutana. Katika vita vya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi walieneza ngoma ya beni iliyotoka pwani ya Waswahili, yenye gwaride na vyeo, na ndugu zake zikachezwa hata huku Nyasa. Vijana walichagua wakuu wao wenyewe, wakatunga nyimbo, wakaenda kushindana na vijiji vingine. Baadaye wakaja na timu za mpira, na kwaya za makanisa. Mahali pote duniani ni hivyo. Kule London, mwaka wa 1844, kijana George Williams na wenziwe, wauzaji wa nguo madukani, walianzisha chama cha vijana Wakristo kiitwacho YMCA ambacho leo kimeenea duniani. Walikuwa wametoka makwao, wakifanya kazi saa nyingi na kulala katika nyumba za matajiri wao. Jioni walikosa pa kwenda pazuri, basi wakajitengenezea. Chama chao kilikuwa chema, lakini hakuna mama aliyewaona wakila. Mama zao walikuwa mbali.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Vijana kukusanyika wao kwa wao si jambo jipya wala baya. Jipya ni kukusanyika mahali ambapo hakuna chungu cha mama ya mtu yeyote.

Neno letu wenyewe

Tulipofika hapa katika kuandika, dhamiri ilitusumbua, basi tuungame.

Mwana wetu wa kwanza alipokuwa na miaka 12 alianza kuja nyumbani wakati wa chakula pamoja na wenziwe watatu. Siku za kwanza tuliwakaribisha. Lakini ulikuwa mwezi wa Februari, mchele ulikuwa haba ghalani na mpunga mpya ulikuwa bado shambani. Siku moja tukamwita kando, tukamwambia, "Kila mtoto ana kwao. Wewe njoo ule peke yako." Alitii. Alikuja peke yake siku tatu, akala kimya, macho chini. Siku ya nne hakuja. Tulisikia kwamba yeye na wenziwe hununua maandazi barabarani na kuyala nyuma ya vibanda, na fedha hatukujua zimetoka wapi. Kwa muda wa miezi miwili hatukujua jioni zake zilikwendaje. Sisi tunaowafundisha watoto wa watu hatukujua wa kwetu yuko na nani.

Bibi yake alipopata habari hakutupa pole. Alisema, "Baba zetu walimkaripia mtoto aliyekuja kula peke yake. Ninyi mmemkaripia aliyekuja na wenziwe. Mlitaka awe mtu wa namna gani?" Hatukuwa na jibu.

Tulimwendea mwana wetu tukamwomba radhi, jambo ambalo si jepesi kwa baba, na kwa mwalimu ni zito zaidi. Tukamwambia awalete wenziwe. Hawakuja mara moja. Walipokuja hatukuwapa hotuba, tuliwapa chakula. Baada ya majuma machache wao wenyewe walileta shauri: Jumamosi moja wataifanya kwetu, ya pili kwa mwingine, ya tatu kwa mwingine, mpaka wazunguke. Asubuhi watafanya kazi ya shamba ya nyumba ile, mchana watakula hapo, jioni watacheza mpira au kuimba. Hatukuwafundisha jambo hilo, wala hatukuwahi kuwasimulia habari za ikipanga, yaani kijiji cha rika. Tulitazamana na mama yao, tukanyamaza.

Binti yetu ndiye aliyeleta neno gumu. Aliuliza, "Wao wakicheza, nani atapika?" Ikawa mashauri ya siku mbili. Mwisho vijana walikubali kuteka maji, kupasua kuni na kuosha vyombo, na wasichana nao wakachukua Jumamosi zao wenyewe, ambazo vijana hawana amri juu yake. Si kwamba mambo yote yamenyooka. Mmoja wa wale watatu aliacha kuja, akapendelea barabara, na kila tumwonapo hapo moyo hutuuma, maana ni mmoja wa wale tuliowafukuza. Vyombo vingine huoshwa vibaya. Lakini sasa twawajua kwa majina, twajua na vicheko vyao.

Tujifunze nini?

Hatusemi tujenge tena vibanda vya matete. Nchi imejaa, watoto wanasoma, na yaliyopita hayarudi. Lakini mambo matatu yaliyokuwa chini ya desturi ile hayakupitwa na wakati.

La kwanza, kijana apewe saa zake. Mtoto anayepangiwa kila jioni na baba yake atakuwa mtiifu mbele ya baba, lakini siku akiwa peke yake mjini hatajua la kufanya na saa moja ya nafasi. Waacheni wachague mchezo wao, wimbo wao, na kiongozi wao, tena waacheni wagombane na kupatana.

La pili, tusimkaribishe mwana na kumfukuza rafiki. Katika nchi hii ya mpunga na kakao, ndizi na samaki, sahani moja zaidi haitatufilisi. Na ikiwa njaa imeingia, uji unatosha. Kijana hafuati utamu wa chakula peke yake, hufuata mahali ambapo wenziwe hawatazamwi vibaya.

La tatu, chakula na kazi viende pamoja. Vijana wa zamani hawakuwa wageni mezani. Walilima walichokula. Na leo kazi hiyo iwe ya wote, wa kiume na wa kike, wala jioni ya mmoja isinunuliwe kwa uchovu wa mwingine.

Twakumbuka habari iliyoandikwa katika Injili ya Luka, jinsi Yusufu na Mariamu walivyosafiri mwendo wa siku nzima kutoka Yerusalemu pasipo kumwona kijana wao wa miaka 12, nao hawakuwa na hofu, kwa kuwa walidhani yumo katika msafara, pamoja na jamaa na wenzao. Wazazi hao hawakuwa wazembe. Walikuwa na msafara wa kuutegemea. Basi swali letu kwa kila mzazi wa Ipinda, Matema, Ipyana na Mwaya ni hili: mwanao asipoonekana jioni, je, uko msafara unaoweza kudhani yumo ndani yake? Ikiwa haupo, tusimlaumu kijana peke yake. Kuujenga ni kazi yetu sote, na twaweza kuanza Jumamosi hii kwa kuongeza mchele kidogo chunguni.

Mwenye kujua zaidi habari za vijiji vya vijana, hasa wazee waliosikia kutoka kwa baba zao, na awasimulie walimu walio karibu naye, tupate kuziandika kabla hazijasahauliwa.